Mshenga Alikuwa Nani?

Jumatano

Kumbe madam aliniita sebuleni kwa jambo la heri! Aliposema, "Rehema, njoo ukae," nilijua khalas, viza haiongezwi, narudishwa nyumbani.

Kumbe ni habari ya binti yake Lena, na ile tamthilia ya zamani ya Kijerumani waliyolazimishwa kusoma shuleni. Wiki nzima mtoto ananisimulia huku napiga pasi, maana anasema asipoisimulia haielewi. Ilinichosha. Kijana anampenda binti, anamwandikia barua, baba mtu anakasirika, mwisho wapenzi wote wawili wanakufa. Juzi uvumilivu ulinishinda. Nikamuuliza, "Mshenga wake alikuwa nani?"

"Mshenga ndiyo nini, dada?"

Nikamweleza: ni mtu mzima anayetumwa kwa wazazi wa binti kuposa kwa adabu. Baba mwenye hasira hatulizwi na barua, anatulizwa na mtu aliyekaa mbele yake.

Lena ameyaandika hayo hayo kwenye insha, na mwalimu amemsifu mbele ya darasa. Madam akanionyesha ukurasa wa mwisho. Chini ya majina ya maprofesa aliowanukuu imeandikwa: Rehema, Tanga, mazungumzo wakati wa kupiga pasi.

Tulicheka mpaka shati la sir, nililoliacha chini ya pasi, likaungua.

Sikumwambia Lena kwamba na mimi yule bwana wangu alinipata kwa meseji tu, bila mshenga, na baba akaninunia miaka. Ila mimi sikufa. Niko Dubai, na nimenukuliwa.