Karatasi ya Majibu

Shoga, uko wapi? Niko shuleni kwa mjukuu wangu, nje ya ofisi ya walimu.

Jana mwalimu wa Kiingereza aliwauliza watoto lile neno lao la baridi, "cold", lina maana gani. Mjukuu wangu akaandika tatu: hali ya hewa, mafua, na mtu asiye na huruma. Mama yake muuguzi ndiye aliyemfundisha. Mwalimu akazikata mbili kwa wino mwekundu, akamsimamisha mbele ya darasa achekwe. Achekwe, shoga!

Leo nimekuja na mjukuu wangu na kamusi. Unaijua subira yangu. Nimesalimia vizuri, nikamfungulia ukurasa wenyewe. Hakuutazama hata!

"Bibi, karatasi yangu ya majibu ina jibu moja tu. Kwani wewe ulifika darasa la ngapi?"

Darasa la ngapi! Mtu ninayeweza kumzaa!

Nikamjibu, "La tatu, mwanangu. Na huko tulifundishwa kusoma kwanza, kubisha baadaye."

Walimu wenzake wakaangua kicheko, yeye akanuna. Nikasema basi, yaishe, nikainuka. Mtoto akanishika mkono: "Twende tu, Bibi. Mimi sinyooshi tena mkono darasani."

Sinyooshi tena! Hapo nikageuka, moja kwa moja kwa mwalimu mkuu. Nimemwambia alama wabaki nazo. Ninachotaka ni mwalimu yule amwombe mtoto radhi mbele ya darasa lilelile.

Eti nirudi Jumatatu.

Nimevua viatu, nimekaa mlangoni pao. Anayetaka kwenda kwake aniruke.