Ubao Sijaugusa

Jumatano, 14 Februari 2024

Majivu kwenye paji la uso tangu misa ya asubuhi. Nimemwambia Adrienne kwamba mwaka huu nafunga Kwaresima kweli kweli: bukari, ugali wetu, mara moja kwa siku, mafuta hapana. Miaka kumi na mmoja ya ndoa hajawahi kuniona nikifunga hata Ijumaa Kuu bila kunung'unika. Akasema tu: "Mungu akusaidie." Sikupenda alivyosema.

Ukweli nauandika hapa, maana hapa hasomi mtu. Nina kilo themanini na sita. Ghislain, mwenye ubao, anasema tanga lake halibebi mtu wa zaidi ya themanini — anasema kweli, au anatafuta sababu ya kunikatalia? Upepo wa kiangazi utaanza Mei. Mvua ikiisha nataka kuwa tayari. Kuvuka ziwa kule Kapolowe nikiwa nimesimama juu ya ubao, tanga mkononi, mpaka ng'ambo, na kurudi. Mara moja. Kisha naacha.

Niliapa. Ndiyo, niliapa. Juu ya kaburi la Willy, mdogo wake Adrienne, nilisema sitaweka tena mguu juu ya ubao ule. Lakini kukimbia si ubao. Kupunguza bukari si ubao. Ubao sijaugusa.

Ijumaa, 16 Februari

Nimetoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kwa Adrienne nimesema daktari wa kazini ananitaka nitembee, presha. (Presha sina.) Kutoka kambini Panda, tunapokaa, njia ya Buluo, mpaka pumzi iniishie, na kurudi. Matope hadi magotini. Watu wanaokwenda kazini kwa baiskeli wananishangaa — mtu mzima anakimbia na hakuna anayemfukuza! Mmoja ameshuka kabisa akageuka kuniangalia. Nilimjua? Alinijua? Nikavuta kofia.

Koti na simu nimeviacha kwa Michelle, yule mjane anayeuza mayai ya kuchemsha na chai pale kona. Nikirudi nakula mayai mawili, kiini nampa paka wake. Michelle haulizi kitu. Mbona haulizi? Mwanamke asiyeuliza, ama ana akili nyingi, ama ameshaambiwa.

Jumanne, 27 Februari

Kwa Ghislain baada ya kazi. Nyumbani nimesema saa za ziada kiwandani, kwa sababu jina la Ghislain halitajwi kwetu. Yeye ndiye mwenye ubao. Adrienne hajamsalimia tangu mazishi.

Uwanja wake uko nyuma ya karakana anapochomelea mageti. Amenichomelea chuma kati ya nguzo mbili, unene sawa na lile bomba la kushikia tanga. Naning'inia, magoti yamekunjwa, mpaka vidole vikatae. Kisha mbao juu ya kipande cha bomba: nasimama, bomba linaviringika, nisianguke. Leo dakika nne. Kisha ndoo ya mchanga, kuivuta kwa kamba mara hamsini. Mvua ilikuwa inapiga bati hatukusikilizana. Ziwani hakuendeki majira haya, sisi wawili tunajua kuliko watu wote wa Likasi.

Mvua ilipotulia Ghislain akauliza: "Déo, bibi yako iko anajua hii mambo?" Nikasema anajua. "Anajua, na ananyamaza?" Nikasema ndiyo. Akacheka kwa pua. Ghislain hajawahi kuuliza habari za mke wangu kwa miaka minne. Nani amemtuma?

Jumamosi, 9 Machi

Kilo themanini na mbili! Nimepimwa depo ya mahindi, kwenye mizani ya magunia. Kabongo, mwenye depo, akanizunguka mara mbili. "Papa Laure, weye uko unagonjwa? Muntu wa tumbo akikonda mbio, iko kintu." Nikasema Kwaresima. Akasema hata yeye anafunga, mbona tumbo lake lipo palepale. Kuna mtu nyuma ya magunia alicheka.

Nyumbani Adrienne anafua. Nimemwona kwa macho yangu akilinusa shati langu kabla ya kulitia majini. Kola kwanza, kisha kwapa. Na suruali zangu tatu amezipunguza kiunoni bila mimi kumwomba. Kapimia nini? Kanipima nikiwa nimelala?

Jioni binti yetu Laure akaniambia mama alimuuliza kama papa anapaka mafuta mapya. Miaka tisa, mtoto huyu, na tayari anatumwa. Au hakutumwa, amenionea huruma tu. Siwezi kujua. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumamosi, 16 Machi

Misa ya Willy. Miaka minne.

Sijapata kuiandika. Ilikuwa Machi, katikati ya mvua, siku ambayo mtu mwenye akili hatoi ubao. Lakini asubuhi ile jua liliwaka, na Willy alikuwa na miaka kumi na tisa, na mimi ndiye niliyesema: twende. Nilimwonyesha, akapanda, akashika tanga, akaenda. Alikuwa anaimba. Kisha wingu lile likatoka upande wa milima. Upepo mmoja tu. Tanga likalala juu ya maji, na yeye chini yake. Nikaogelea. Nilipofika tanga lilikuwa pale na ubao ulikuwa pale.

Adrienne hakunipiga wala hakulia mbele yangu. Kaburini akasema, polepole, watu wote wakisikia: "Siku utarudia ku ile maji, usirudie kwetu."

Leo kanisani alinishika mkono wakati wa Baba Yetu. Akaugeuza, akakiangalia kiganja chenye sugu mpya, akakiachia. Nilijisikia mwizi. Na bado jioni nilihesabu siku zilizobaki mpaka Mei. Najua ni ubaya. Lakini tangu siku ile mimi ni mtu aliyebaki katikati ya maji, sijafika ng'ambo wala sijarudi. Nikivuka labda nitatoka.

Jumatano, 20 Machi

Kasha langu la vifaa kazini limefunguliwa. Koleo ilikuwa kushoto, leo iko kulia. Daftari hili lilikuwa chini ya nyaya, lipo, lakini kona imekunjwa. Niliikunja mimi? Sikumbuki.

Nimelihamishia nyumbani, ndani ya redio ya marehemu baba, ile isiyo na mashine. Mahali pa hatari zaidi ndipo pasipotafutwa. Natumaini.

Jumatatu, 1 Aprili

Kosa la kijinga. La kijinga kabisa!

Pasaka jana. Adrienne alichinja kuku, akapika bukari kubwa, sombe ya majani ya muhogo yenye mawese, samaki wa kukauka pembeni. Mimi nikachukua tonge mbili na mboga bila mchuzi, kama kawaida ya siku arobaini. Nikasukuma sahani. Adrienne akaweka kijiko chini.

"Yezu alishafufuka, Papa Laure. Weye unafunga ya nani tena?"

Nilipanga kila kitu — daktari, saa za ziada, kofia — nikasahau kwamba Kwaresima ina mwisho! Nikasema tumbo linauma. Akasema: "Tumbo." Akaanza kuondoa sahani, yangu ya kwanza.

Alhamisi, 4 Aprili

Sabini na tisa na nusu. Mbao: dakika kumi na moja. Ghislain amesema niko tayari, kilichobaki ni upepo. Nilifurahi mpaka nikaogopa. Nimerudi nyumbani nikikunja uso, nisionekane na furaha.

Adrienne ananipikia vizuri kuliko zamani. Asubuhi ameniwekea maji ya moto. Nani anamfundisha?

Jumanne, 9 Aprili

Simu.

Niliporudi kukimbia Michelle alikuwa anamenya mayai. Akasema, bila kuinua macho, kwamba simu yangu ililia, ililia tena, akaona ni vibaya kuiachia, akaitika. Aliyepiga ni mwanamke. Nikamuuliza ulisema nini. Akasema alisema ukweli.

"Nilimwambia: papa haiko, aliacha koti na simu kwangu, atarudia kuvaa."

Atarudia kuvaa! Nikamwambia arudie maneno yale, akayarudia vilevile, akiwa na yai mkononi. Akauliza kama amefanya vibaya. Nikasema hapana. Yule mwanamke alijibu nini? "Alisema aksanti. Akakata."

Michelle huyu. Nilimshuku njia nzima. Kwa nini aitike? Anataka nini? Nilipofika mlangoni nikakumbuka mimi ndiye niliyempa simu kila asubuhi, miezi miwili, ili isilowe. Adrienne alinifungulia. Akauliza presha ikoje.

Ijumaa, 12 Aprili

Sikukimbia. Sikwenda kwa Ghislain. Nimekula bukari yote, na mchuzi, na nikaongeza. Adrienne alinitazama nikila, kama mtu anayetazama mvua baada ya mahindi kukauka.

Papa Barthélemy amepiga simu. Ndiye parrain wetu, alitusimamia ndoa pamoja na mkewe mama Marceline, na jambo la ndani likishindikana ni kwao linapokwenda. Anasema watapita Jumapili baada ya misa, "kusalimia". Hajawahi kusalimia tangu ubatizo wa Laure. Nikamuuliza kama kuna neno. Akasema mwanangu, nyumba yako ndiyo yenye neno, sisi tunaleta masikio.

Jumapili, 14 Aprili

Naandika chumbani, mlango umefungwa. Wako sebuleni. Wamenipa dakika chache nifikiri, nirudi na maneno yaliyonyooka.

Laure amepelekwa kwa jirani. Papa Barthélemy alikaa kwenye kiti changu. Adrienne akasema yote bila kupandisha sauti, na alikuwa ameyapanga: kukonda, kofia, shati, saa za ziada ambazo kiwandani hawazijui (alikwenda kuuliza!), tonge mbili za Pasaka, simu. Nikimsikiliza niliona hata mimi ningeamini. Mwanamume wa miaka arobaini na mbili anapunguza tumbo na kutoka alfajiri — Likasi nzima inajua maana yake.

Papa Barthélemy akanigeukia. "Mwana, kama uko na bureau ya pili, mwanamuke wa inje, sema. Hatuko ba kwanza kuisikia. Ile kosa inakuwaka na njia yake: mbuzi, kikwembe ya kuvaa ya bibi yako, unaomba pardon mbele ya famille, inaisha. Lakini bwongo haina njia."

Nikaelewa. Mwanamke ana njia. Maji hayana. Nikisema Ghislain, nikisema ile mbao na ile ndoo ya mchanga, Adrienne atamzika Willy mara ya pili, na mimi nitatoka humu na sanduku langu. Nikisema mwanamke — mbuzi mmoja. Hata mwanamke mwenyewe hayupo! Nilihisi kama nimepata mlango.

Nikasema: "Ndiyo. Iko mwanamuke."

Nilingoja Adrienne apige kelele. Mabega yake yakashuka. Akafunika uso kwa mikono miwili, akavuta pumzi ndefu.

"Aksanti Mungu," akasema. "Miye niliwaza ni maji."

Alilia kwa kufurahi. Mke wangu analia kwa kufurahi kwamba namwibia! Mama Marceline akamshika. Kisha mama Marceline akaniuliza jina. Jina sina. Akasema: "Njo Michelle wa mayai, ule wa kona, kwenye banakuonaka asubuhi?" Nikatazama sakafu. Sikusema ndiyo. Naandika hapa wazi: sikusema ndiyo. Lakini sikusema hapana, nao wakachukua.

Mama Marceline akaomba simu yangu. Nikampa. Nilidhani anataka kuona namba tu, ile ya kuagizia mayai. Akapiga palepale, sauti tamu: mama, tulikuwa tunahitaji mayai ishirini hapa nyumba fulani, karibu na kanisa. Akakata. Akatuambia jambo la ndoa halisikiwi na sikio moja, na mwanamke naye atasema lake mbele yetu. Hapo ndipo papa Barthélemy alipoona uso wangu, akanituma ndani nifikiri.

Nafikiri. Miezi miwili nimewashuku wote. Ghislain, Kabongo, mtu wa baiskeli, mtoto wangu mwenyewe. Hakuna aliyenitega. Michelle ana watoto wawili na ile kona, na kesho wake za watu hawatanunua kwake hata yai moja. Alinitunzia koti lisilowe.

Nikitoka na kusema maji, yeye anarudi salama na mimi naondoka. Nikinyamaza —

Geti. Kumbe amekuja mbio.

Namsikia sebuleni. Anawasalimia mmoja mmoja, na papa Barthélemy kwa heshima zote. Anasema mayai iko moto bado, ameifunika, naiweka wapi? Anauliza tena, naiweka wapi, ba mama?

"Ikala, mama," anasema Adrienne. Sauti yake ni ya upole, sijaisikia tangu Willy. "Ikala hapa, karibu yangu."

Papa Barthélemy ananiita. Nimesema nakuja. Ananiita mara ya pili. Nimesema nakuja, na bado naandika, na Michelle anauliza kwa nini mama analia, nani amekufa