Mikono ya Nyaga

Kinoru, Meru
3 Machi 1998

Kaka Nyaga,

Natumaini baridi ya Ujerumani haijakushinda. Mimi ni mzima, na mama bado anachuma chai kule Kibugu, mwili una nguvu. Nakuandikia barua hii kwa kompyuta ya ofisi ili ikufikie leo leo, kwa sababu mama amezikataa barua zako.

Unajua hasikii wala hasomi, kwa hivyo kila barua mimi ndiye humwambia kwa mikono. Jumapili alinishika vidole katikati ya maneno, akasema: "Haya ni yako. Nyaga alikufa, nawe unanificha." Picha ulizotuma anasema ni za zamani.

Tafuta njia akuone ukisogea.

Dadako,
Ruguru

Dortmund
4 Machi 1998

Dada Ruguru,

Mimi sijambo, ila barua yako imenikosesha chakula. Njia ipo. Kuna programu ya kuongea na kuonana kwenye kompyuta, na hapa chuoni tunaitumia. Kesho natuma kamera ndogo kwa posta. Nimeambatisha maelezo ya kuiweka.

Kakako,
Nyaga

Kinoru
21 Aprili 1998

Kaka,

Pole kwa kimya. Huku mvua imeshika na tunaendelea vizuri. Kamera ilichelewa, lakini ilifika.

Programu yako ni ya Windows tu, na bosi ametia Linux kwenye kompyuta zetu zote. Usijali, nimetafuta nyingine. Nilizijaribu na Karwirwa, mwenzangu wa ofisi yetu ya Embu, ambako pia wana kamera. Moja ilileta sauti safi bila picha. Ya pili ilileta vyote viwili, lakini laini yetu ya simu ni nyembamba: Karwirwa aliinua mkono, ukaganda hewani hadi nikachoka kungoja. Hata hivyo sijashindwa.

Dadako,
Ruguru

Dortmund
22 Aprili 1998

Dada,

Salamu nyingi. Chukua hiyo ya pili, uizime sauti kabisa. Laini yote iachie picha. Mimi, wewe na mama tumehitaji sauti lini?

Nitavaa shati jeusi ili mikono ionekane. Mlete mama Jumamosi, tarehe 9 Mei, saa tisa mchana wenu.

Kakako,
Nyaga

Kinoru
11 Mei 1998

Kaka,

Natumaini umeamka vizuri. Sisi tumeamka tukicheka.

Wewe ulikuwa upande ule, hukuona jinsi mama alivyoingia ofisini: gauni la kanisani, uso ameukunja, hataki hata chai. Ulipotokea hakukusalimu. Alikuuliza nani alikuvunja jino. Mimi nilijua ni ng'ombe, nyumba nzima ilijua ni ng'ombe. Nawe ukajibu polepole, "Ni wewe, kwa mwiko. Ukaniomba nisimwambie mtu."

Nilimwona mama akiweka mkono kwenye kioo. Kisha akanigeukia, akanionyesha mlango.

Nilisimama nje nusu saa, kaka, mimi niliyekuwa mdomo wenu miaka minne tangu uondoke. Alipotoka nikamwuliza mmesema nini. Akapangusa macho kwa leso, akanijibu kwa mkono mmoja:

"Ni yetu."

Dadako,
Ruguru