Nyimbo za Upande wa Pili wa Ukuta

Makole, Dodoma
Agosti, siku za upepo

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa kizingitini, karatasi nimeikandamiza gotini kwa sababu upepo wa huku mwezi huu hauachi kitu mahali pake. Mguu wako umepoa? Na Mama, kile kikohozi kimemwacha? Sisi hapa wazima, mimi na Yohana wangu, ila vumbi tunalila pamoja na ugali.

Najua umehesabu miezi. Ile barua yako ya kusema sinema imefungwa na mashine zimeuzwa vyuma chakavu niliipata. Niliisoma mpaka karatasi ikalegea mikunjo, nikashindwa kujibu. Ulisema tangu mambo yawe ruksa kila mtaa una deki, na watu wako wote wamehamia kwenye video. Sasa Baba, nikufiche nini? Nyumba tuliyopanga imepakana ukuta na banda la video. Kila nikishika kalamu nikupe pole, banda linaanza kuimba, naona aibu, naiweka chini. Leo nimeamua kukueleza, maana limetokea jambo ambalo naliona ni lako kuliko langu.

Mwezi wa sita Yohana alimleta mama yake kutoka kijijini kwao, upande wa Bahi. Macho yote mawili yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho, meupe kama maziwa. Daktari alisema anaweza kumpasua, jicho moja kwanza, akamwambia wazi kwamba huenda likafunguka na huenda lisifunguke. Mama akakataa.

"Kisu ndani ya jicho? Hapana. Giza langu nimeshalizoea."

Unakumbuka hakuja kwenye harusi yetu. Hakupenda mwanawe aoe mtu wa pwani asiyejua hata kusaga uwele. Nilipofika kwao mara ya kwanza macho yalikuwa yameshafunga, kwa hiyo hakuwahi kuniona. Alinijua kwa harufu. Akiongea na Yohana kwa Kigogo, mimi, Yohana alinitafsiria, nilikuwa "yule anayenuka nazi". Kiswahili chake cha kuokoteza, Kigogo changu salamu tu. Asubuhi namwambia mbukwa, ananijibu mbukwa, basi, maneno yetu yameisha mpaka kesho. Na Yohana ndiyo hivyo, udereva, leo Singida kesho Iringa. Tulibaki wawili ndani ya nyumba, kila mmoja akisikiliza hatua za mwenzake.

Jumamosi moja mchana nilikuwa nafua uani. Yeye amekaa kwenye kigoda, mgongo ukutani. Upande wa pili filamu ya Kihindi ilikuwa imeanza, mara mwanamke akaimba. Unazijua zile sauti nyembamba, zinazopanda kama moshi siku isiyo na upepo. Mama aligeuza uso, akaweka kiganja ukutani, akakaa hivyo mpaka wimbo ukaisha.

"Nani amefiwa?" akaniuliza.

"Hakuna aliyefiwa, Mama. Ni picha."

"Sasa mbona anaimba hivyo?"

Nikaacha kufua. Nilimwambia huyo msichana amempenda kijana, na hawezi kumwambia kwa mdomo, kwa hiyo anaimba. Akafikiri kidogo. "Na miguu? Anachezaje?"

Hapo, Baba, ndipo nilipokukumbuka mpaka maji ya povu yakakauka mikononi. Nilijiona mtoto tena, nimesimama juu ya lile sanduku la mikanda kwenye chumba chako cha mashine, nachungulia kwenye kile kidirisha kidogo. Mashine zilinguruma, nyimbo sikuzisikia sawasawa. Nilichokuwa nacho ni macho tu. Nilimeza shingo zao, vidole, vitambaa vikipepea milimani, mvua ikinyesha juu ya watu waliokuwa wakicheka. Wewe ulinishika kiunoni nisianguke. Miaka yote ile niliona ngoma bila wimbo, na sasa huyu mama alikuwa na wimbo bila ngoma.

Nikaanza kumweleza. Nilisema msichana amezunguka mti, ameficha uso nyuma ya kitambaa, sasa anatoa jicho moja. Njuga za miguuni ndizo hizo unazozisikia. Shingo inakwenda huku, kichwa kinabaki palepale. Mama akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka.

"Na mabega?" aliuliza. "Hayachezi?"

Ndipo nikajua kwamba ujanani alikuwa mpigaji wa muheme, zile ngoma ambazo kwao hupigwa na wanawake, na kwamba kwake yeye mtu asiyetikisa mabega hajaanza kucheza.

Tangu siku hiyo mchana wetu ulibadilika. Kazi zikipungua ananiita, "Njoo useme." Nilikuwa sijui filamu yenyewe ni ipi, nilitoa tu zile ngoma za kidirisha chako nikazivalisha wimbo unaopita. Jua la huku lilikuwa linatulia ukutani, kunguru wamenyamaza, na sisi tumekaa kwenye vumbi tuko mbali kabisa, kwenye bustani za maji ambazo hakuna kati yetu aliyewahi kuzikanyaga.

Mwishowe akataka aingie ndani. Lile banda ni la wanaume, lakini mwenyewe, Shomari, alipomwona mama mtu mzima anapapasa mlango akampa benchi la nyuma, nikakaa naye. Nikawa namnong'oneza. Wimbo wa kwanza ulipoanza tu, Shomari akabonyeza deki, mkanda ukakimbia mbele. Kwenye kioo watu walirukaruka kama sisimizi waliomwagiwa maji, bila sauti.

Mama akanishika mkono kwa nguvu. "Wamenyamaza. Wamekufa?"

"Hapana, Mama. Wimbo umerukwa."

Akasimama. "Rudisha!"

Watu wakageuka, wengine wakacheka. Shomari hakuwa mkali. Alisema, "Mama, wimbo hauna habari. Wateja wanataka ngumi, na nina picha ya pili ya kuonyesha."

Mimi unanijua, sijazoea kusema mbele za wanaume. Lakini yale maneno yako ya siku zote kuhusu nyimbo yakanitoka. Nilimwambia, "Kaka Shomari, kabla ya wimbo hawa wawili hata mikono hawajashikana. Ukiisha wimbo wameshaahidiana kufa pamoja. Ukiuruka, wateja wako watajuaje anapigania nini huyo wa ngumi?"

Fundi baiskeli mmoja wa mtaani akasema, "Kweli bwana. Mimi juzi sikuelewa yule mke katokea wapi."

Wakacheka tena, safari hii wakimcheka Shomari. Akarudisha mkanda, akauacha wimbo wote. Mama alikaa, akawa anapiga pigo lake taratibu juu ya paja.

Tukiwa tunarudi nyumbani, hatua thelathini tu, alisimama njiani. "Yule daktari wenu. Jicho likifunguka, linafika mbali kama pale kwenye kioo?"

Nikamwambia linaweza kufika. Sikuahidi, maana daktari mwenyewe hakuahidi.

"Kesho kutwa nipeleke," akasema.

Siku ya kupasuliwa Yohana alikuwa safarini. Nilikaa kwenye ubao wa nje ya chumba cha upasuaji. Nilijiuliza, likiharibika, nitamwambia nini mume wangu? Kwamba mama yako nimemtia kisuni kwa ajili ya nyimbo? Muda ukapita, sijui mrefu kiasi gani. Muuguzi akatoa kichwa mlangoni.

"Wewe ndiye mwenye yule bibi wa Kigogo? Mbona anaimba Kihindi mle ndani?"

Nililia, Baba, sina la kuficha.

Kesho yake asubuhi walimfungua bandeji. Alipepesa, akatazama dirisha, akatazama mikono yake mwenyewe, mbele na nyuma. Kisha akanigeukia. Alinitazama kwa muda mrefu mpaka nikainamisha uso.

"Kumbe mfupi," akasema.

Nikacheka huku machozi yananitoka. Akanivuta kidevu kwa vidole viwili, akanigeuza huku na huku kama mtu anayechagua boga. "Rehema," akasema. Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza kunitaja jina.

Juzi, daktari alipotoa ruhusa, tulirudi kwa Shomari. Aliweka picha yenye bustani na maji mengi. Mama alitazama wimbo wote bila kupepesa. Nilikaa kimya nisimharibie. Ulipoisha akaniegemea.

"Ulikuwa unanidanganya. Hawachezi namna ile ulivyosema."

"Nilisema nilivyoona nikiwa mtoto, Mama."

"Uliwaongezea."

Nikaona aibu kidogo. Wimbo mwingine ukaanza, nikabaki kimya. Akanigusa kwa kiwiko.

"Mbona umenyamaza? Sema."

"Lakini si unaona sasa?"

"Naona. Wewe sema."

Basi nikasema, Baba. Yeye anatazama kioo, mimi namnong'oneza, na nadhani kuna mahali katikati ndipo alipokuwa akiitazama ile ngoma.

Amekuwa akiniuliza yale maneno ya nyimbo yana maana gani. Nilimwambia baba yangu amekaa na Wahindi wa sinema maisha yake yote, anayajua, nitamwandikia. Jana akabadili mawazo. Alisema, "Usimuulize. Akituambia wanachosema, mimi na wewe tutabaki na la kuongea?" Kwa hiyo ukijibu, hayo yaache. Tuandikie habari zako wewe, siku hizi unaamkaje, unakwenda wapi jioni, umekaa na nani. Hizo ndizo ninazozitaka.

Nisalimie Mama, umwambie kifua akifunike na upepo wa bahari. Msalimie Kaka huko kwenye mkonge, na Shangazi aliyenifundisha kukuna nazi, mwambie harufu yake imefika hadi Ugogoni. Mama mkwe wangu anakusalimu kwa mkono, amesema nikuandikie mbukwa. Jicho la pili atapasuliwa baada ya mvua za kwanza, na safari hii anakwenda mwenyewe.

Mwanao akupendaye,
Rehema