Feni Iliyokuwa Inamfunika Baba

Karatu mjini,
Jumapili mchana

Mdogo wangu Pendo,

Hujambo wewe? Mgongo wa mama umemwachia kidogo, au bado anabeba ndoo huku anasema hauumi? Alizeti mmeshavuna? Mimi mzima, ila baridi ya huku mwezi huu ni ya kukomoa mtu. Ukungu unashuka kutoka msitu wa Ngorongoro na mpaka saa nne asubuhi sijaona hata barabara. Kwetu Iramba saa hizo mngeshakuwa mnatafuta kivuli.

Utakuta flashi ndani ya bahasha. Usiichomeke kwanza! Nakujua. Soma mpaka mwisho, halafu muichomeke kwenye redio ya mama mkiwa wote wawili.

Mwezi uliopita alikuja pale studio, ninapohariri video za harusi, mzee mmoja anayeishi Ganako. Anaitwa Mzee Msengi. Akanikazia macho weee, kisha akasema, "Wewe si mtoto wa Yona wa Iramba?" Nikamwambia ndiye mimi. "Nilivuna kahawa na baba yako kule Oldeani. Nina mzigo wa mama yenu, nimekaa nao mpaka naona aibu." Akatoa kaseti kwenye mfuko wa koti.

Wewe barua za kaseti hukuzikuta. Baba alikuwa anajirekodi huku Karatu, anampa mtu anayerudi Singida. Sisi tunaanika betri juu ya bati zipate nguvu, majirani wanajaa uani, mama anajifanya hana haraka. Jamani, nilikuwa nasinzia shavu likiwa kwenye redio! Halafu, kwa kuwa kaseti ilikuwa moja, tulikuwa tunajibu juu ya ileile, inarudi Karatu. Kila tulipomjibu baba tulimfuta. Ndiyo maana nyumbani halipo hata neno lake moja. Tulijua atarekodi tena, basi.

Ya mwisho tuliyotuma ilikuwa ya kumwambia umezaliwa. Haikurudi. Homa ikamchukua, na wewe ukakua unasema, "Mimi baba yenu hakunijua." Baba yenu, Pendo! Neno hilo linaniuma mpaka leo. Kumbe alijibu, akampa Mzee Msengi ailete. Mzee akapata mchumba huku, safari ikalala, baba akafa, naye akaona haya kuwapelekea wafiwa sauti ya marehemu.

Basi nikataka kumwingiza kwenye kompyuta asipotee tena. Redio yenyewe ni ya Mzee Msengi, na tundu lake la kuchomeka waya limekufa, kwa hiyo ni kuweka kinasa sauti mbele ya spika. Nilijaribu kwa simu, ikawa inapandisha na kushusha sauti yenyewe, inameza maneno. Nikatumia maikrofoni ya kompyuta, ambayo waya wake ni mfupi, ikabidi ikae ubavuni mwa mashine. Baba akasalimia vizuri, halafu akashusha sauti, kikabaki kilio cha feni ya kompyuta tu, vuuuu! Nikazima haraka, maana mkanda umeungwa kwa selotepu mahali pawili na sikujua utavumilia mara ngapi. Nilitaka kuipiga ile mashine teke.

Kelele inatoka kwenye prosesa, kile kidude kinachofanya kazi yote ndani ya boksi. Kinachemka, kwa hiyo kimewekewa bati za kukipoza na feni juu yake. Yangu ilikuwa feni ndogo iliyokuja na mashine, na feni ndogo lazima izunguke kama imechanganyikiwa. Nikapima nafasi ndani ya boksi kwa futikamba, nikaenda Arusha kutafuta seti nyingine ya bati na feni. Kijana wa dukani akanitolea moja ina feni mbili na marangi kama disko. Nikamuuliza, "Ina kelele?" Akanijibu, "Kelele tena, bro? Si unaona ina taa!" Nikamwambia taa nitawasha ukutani. Nikachukua nyeusi isiyo na mapambo, yenye feni moja pana inayozunguka polepole. Ile ndefu kuliko zote niliitamani, lakini mfuniko wa boksi usingefunga.

Kuifunga ilinitoa jasho na baridi yote hii. Ilibidi nitoe bodi nzima, maana kuna kishikio kinachokaa nyuma yake. Humo ndani nikakuta vumbi jekundu la kutosha kupanda mchicha. Pesti ya zamani ya kupitisha joto juu ya prosesa ilikuwa imekauka kama ukoko wa ugali. Nikaifuta kwa spiriti, nikaweka mpya tone dogo, nikakaza skrubu kidogokidogo kwa kupishanisha kona. Nikawasha. Kimya. Nikajua umeme umekatika, si unajua huku? Nikatoka nje kumuuliza mama wa duka la jirani, naye ana taa inawaka, ananicheka. Kumbe mashine iko hai, ni mimi niliyezoea makelele.

Siku ya kurekodi nilizima mpaka friji. Mzee Msengi alikaa kitandani kofia mkononi.

Sasa, salamu nazitanguliza, maana ukishasoma yanayofuata hutazifikisha. Msalimie shangazi Eliza, aliyekuwa anamsomea mama barua, na mjomba Paulo aliyenipa nauli ya kuja huku. Wanao wabusu. Mama mwambie nakuja mvua zikianza, anichagulie jogoo.

Baba anachanganya Kinyiramba na Kiswahili. Anaulizia mbuzi, ananigombeza mimi kwa kutoroka shule. Halafu anashusha sauti, pale pale feni ilipokuwa inamfunika, anasema: "Pendo nimemsikia. Ana mapafu huyo! Mama Elia, mkanda bado upo, lakini mimi naishia hapa. Mbele kuna mtoto analia. Nikiendelea nitamfuta."

Kitufe kinalia tak. Kisha unaanza wewe, unalia kwa nguvu zako zote, na mama yuko nyuma anacheka.

Ni kaka yako,
Elia