Nimekukalia Nafasi Kliniki

Kwa mjukuu wangu, mke mwenza wa bibi yako,

Bibi yako hajambo, anagombana na kuku. Mimi ni goti tu linanisumbua. Shangazi yako anasema umegoma kwenda kliniki na mimba yako, eti wakijua unakunywa pombe watakunyang'anya mtoto. Mimi sipendi habari nusu nusu, kwa hiyo jana nilikwenda kuuliza mwenyewe.

Nikaketi kwenye benchi la wajawazito. Mmoja akaniuliza, "Babu, mimba yako ina miezi mingapi?" Nikamwambia hata sijui, ila ni mapacha.

Mkunga nilimuuliza maswali mpaka akavua miwani. Kumbe aliyezoea pombe kila siku hakatazwi ghafla. Anaweza kutetemeka hata akaanguka kifafa, na mtoto tumboni akaumia. Anaachishwa wodini, taratibu, wakimwangalia. Na mimi ndiye niliyemwagiza shangazi yako akufungie ndani usipate hata tone! Mwambie akufungulie, mzee alikuwa mjinga.

"Na mtoto je?" nikauliza.

"Sisi tunamtibu mama ili amlee mwanawe," akasema. "Mlete. Hakuna atakayemfokea."

Halafu akataka kujua ni nani aliyekuonjesha mara ya kwanza. Nikaitazama kofia yangu. Wewe unajua kikombe kilikuwa cha nani.

Alhamisi asubuhi nitakuwa kwenye benchi lilelile, nimekukalia nafasi. Usipokuja watanipima mimi, na aibu itakuwa ya ukoo mzima.

Ni mimi mumeo asiye na meno,
Babu