Mamukwe, Mimi na Jiko la Makaa

Jumatatu, 13 Januari

Nimemwaga majivu, nimejaza sanduku la makaa ya mawe, nimekoroga moto. Kazi ya kila asubuhi kabla ya metro, treni ya chini ya ardhi, ya kwenda Schuman, kulinda mlango wa ofisi za watu huku ughaibuni. Jioni nimerudi: jiko la kupashia nyumba joto limezimika. Sanduku limejaa, mota inazunguka, lakini ile skrubu ndefu inayosukuma makaa hadi motoni imesimama.

Mamukwe alikuwa sebuleni kando ya jiko hilo, amejifunika blanketi. Nimekohoa mlangoni. Ameinuka, ameenda zake jikoni, ndipo nikaingia. Hivyo ndivyo tunavyoishi tangu mama huyu wa mke wangu Solange afike kutoka kwetu Likasi. Yeye sebuleni, mimi jikoni. Akija jikoni, mimi napanda ngazi. Kwetu mama mkwe haangaliwi usoni, wala hasemeshwi ovyo. Nyumba yenyewe ndogo. Nachoka.

Solange amepiga simu kutoka hospitali. Mutoto wetu amefikisha uzito, Ijumaa wanatoka. Lakini daktari amesisitiza: huyu alizaliwa kabla ya miezi yake, chumba kiwe na joto usiku na mchana. La sivyo wanabaki. Nimemwambia huku kila kitu kiko sawa. Nimedanganya.

Jumanne, 14 Januari

Nimempigia mwenye nyumba. Mzee huyo anapenda jiko lake kuliko wapangaji. Kumbe kuna pini inayounganisha mota na skrubu. Imefanywa laini makusudi: kitu kikikwama, inakatika yenyewe, mota inapona. Zipo mbili za akiba kwenye kopo, chumba cha chini. Nyingine ataagiza, zitafika wiki ijayo. Na msumari hapana! Ukitia msumari unachoma mota, na mota hizi hazipatikani tena.

Nimetoa makaa yote kwa mikono. Chini kabisa kimenasa kibonge kigumu, kijivu kwa ndani. Nimemlaani muuza makaa. Anatuuzia mawe, mshenzi yule. Pini mpya, moto, joto. Bon.

Jumatano, 15 Januari

Imekatika tena. Kibonge kingine.

Nimechambua gunia lote la makaa kama mtu anayechagua mchele. Safi. Hakuna jiwe hata moja. Donc, basi, vinatoka wapi? Nimeazima hita ya umeme kwa jirani: nimeiwasha tu, taa za nyumba nzima zimezimika. Nimeirudisha.

Pini ya mwisho imeingia. Naogopa. Sijasali hivi tangu siku Solange alipokimbizwa hospitali.

Alhamisi, 16 Januari

Nimejua. Afadhali nisingejua.

Nimeomba ruhusa kazini, nimerudi mapema, nimesahau kukohoa. Mlango wa sebule ulikuwa wazi kidogo. Mamukwe amechuchumaa mbele ya beseni la majivu, mwiko mkononi. Anachambua. Kila kipande kilichobaki cheusi anakipangusa kwa kitambaa, anakirudisha juu, sandukuni. Polepole, kwa heshima kabisa.

Kwetu Likasi hakuna mama anayetupa makala, yaani makaa, iliyoungua nusu. Unaizima, unaiweka, kesho inaivisha maharagwe. Mama yangu mwenyewe alifanya hivyo. Lakini ile ni makala ya miti. Haya ya mawe yakiungua yanayeyuka na kushikana. Nje unaona weusi, ndani ni chuma.

Nimerudi nyuma kwa vidole vya miguu, kama mwizi. Nyumbani kwangu mwenyewe!

Nitasemaje? Mkwe kumkanya mamukwe ni tusi, na tusi hilo linalipwa kwa mbuzi. Nimwambie Solange? Atampigia mama yake akilia, na presha yake mwenyewe bado iko juu tangu ajifungue. Nimpigie tonton yake, mjomba wake kule Likasi, nimshitaki dada yake juu ya majivu? Bora nigande.

Nimengoja Mamukwe aende kuoga, nikaviokota vibonge sandukuni. Nina hasira, na hasira yenyewe haina pa kwenda.

Ijumaa, 17 Januari

Wamefika. Mutoto ni mdogo sana, kofia imemshuka hadi kwenye nyusi. Sebule ina joto. Solange amelala palepale kwenye kochi. Nimesimama pembeni, mutoto kifuani.

Mamukwe ameingia na mwiko wake. Hakuniona, au amejifanya hakuniona. Amechuchumaa. Amechambua. Kipande kiko mkononi, mkono unapanda kwenye sanduku, na pini ni ya mwisho, na mutoto anapumua kama kifaranga.

Nimemgeukia mutoto. Nimesema naye, kwa sauti:

«Mwanangu, ambia nkambo yako, bibi yako huyu: aksanti sana kwa kutuchungia moto. Ila makala ya huku iko na roho mubaya. Ikisha kuungua, ukiirudisha, inavunja mashini. Alors wewe utasikia baridi.»

Nimeipandisha kofia ya mutoto, nimengoja.

Mamukwe amekiweka kipande chini. Naye amesema na mutoto, bila kugeuka:

«Ambia papa yako: miye niliona moto inakufa, nikajua makala haitoshi. Nikazidisha. Ikakufa tena, nikazidisha. Nilikuwa naogopa asikuje kusema mama mukwe amemuulia mutoto na baridi.»

Ameenda jikoni. Nimemsikia akipenga kamasi. Kumbe tulikuwa wawili wenye hofu ileile, ukuta mmoja katikati. Upumbavu gani huu.

Jumapili, 19 Januari

Mvua. Jiko linakwenda. Vibonge sasa vinaingia kwenye ndoo.

Mchana nilikuwa nakula jikoni. Mamukwe amekuja hadi kizingitini na mutoto mikononi. «Ambia papa yako asikule kwenye baridi.» Nimebeba sahani, nimewafuata sebuleni. Solange alikuwa amelala juu. Tumekula, mimi nikitazama ukuta, yeye dirisha.

Mutoto akasinzia, tukakosa wa kutusemea. Chumvi ilikuwa upande wa Mamukwe. Nimekula bila chumvi.